Mashine Inapokataa Mia Mbili

Jioni ya Jumamosi, Kihesa, Iringa. Mteja anatumbukiza mia mbili kwenye dubwi, ile mashine ya kubahatisha ya baa, inarudi chini. Anaitumbukiza tena, inarudi tena. Anaifuta kwenye suruali, anaipulizia, anaisukuma kwa dole gumba, na safari hii haionekani juu wala chini. Sasa anaipiga mashine ubavuni. Mhudumu anatoka kaunta, naye anaipiga upande wa pili. Kesho yake anaitwa fundi, anang'oa kipokea sarafu, anafunga kipya, analipwa, anaondoka. Hazipiti wiki mbili, mashine imeanza tena kurudisha mia mbili za watu.

Nawaandikia watu watatu: mwenye baa au kibanda anayeona wateja wakihamia kwa jirani, mhudumu anayetukanwa kwa hela zilizomezwa na mashine, na kijana fundi wa redio na simu anayeitwa kwa kuwa "ni kitu cha umeme tu hicho". Kile kidude kinachong'olewa harakaharaka mara nyingi ni kizima. Ubovu uko kwenye sarafu, au kwenye njia inayopita, au kwenye umeme unaokilisha. Ukianza na sarafu, ukaja njia, ukaja umeme, ndipo ukafika kwenye kifaa chenyewe, utashangaa ni kazi ngapi zinaisha kwa pamba na spiriti.

Kabla ya bisibisi kuna swali: mashine ni ya nani? Dubwi nyingi zilizo kwenye baa si mali ya mwenye baa. Mwenye mashine analeta mashine, mwenye baa anatoa nafasi na umeme, mapato wanagawana kwa makubaliano. Sanduku la sarafu lina kufuli yake na ufunguo hauko kaunta. Ukilifungua wewe, hata kwa nia safi, siku hesabu isipolingana utakuwa wa kwanza kuulizwa. Piga simu, omba ruhusa, na ukifungua awepo mtu wa kushuhudia. Fundi naye aulize hilo kabla ya kutaja bei. Na ikiwa mashine haina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ambayo ipo kwa sheria ya mwaka 2003, basi shida yake si sarafu, na wewe usiiguse. Sheria hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza. Mashine iliyowekwa mlangoni mwa duka ambako watoto hutumwa chumvi na kiberiti, mimi binafsi siitengenezi mpaka ihamishwe. Kila fundi ana dhamiri yake.

Haya, tuje kwenye sarafu.

Watu hudhani mashine "inasoma" mia mbili kama mtu anavyoisoma: inaona simba wawili upande huu, sura ya Karume upande ule, inajua hii ni mia mbili. Hapana. Kipokea sarafu kilicho kwenye dubwi nyingi na mashine nyingi za michezo za bei nafuu kutoka China hakijui thamani ya kitu chochote. Ndani yake, pembeni, kuna nafasi ndogo yenye springi ambamo imebanwa sarafu moja ya mfano. Kila sarafu inayotumbukizwa inapita kati ya koili za waya, na koili hizo zinalinganisha mpita njia na ile iliyobanwa: ukubwa, unene, aina ya madini. Zikifanana, sumaku ndogo ya umeme inavuta kilango na sarafu inaangukia kwenye sanduku. Zisipofanana, kilango hakiguswi na sarafu inarudi kwa mteja. Ni kama bawabu aliyepewa picha moja tu akaambiwa, "Anayefanana na huyu apite." Ukimpa picha mbaya, atawafukuza wageni wote wa harusi, na kosa si lake.

Kwa hiyo ukifungua mlango, kitu cha kwanza kuangalia ni hiyo sarafu ya mfano. Ipo? Watu wanapopiga mashine ubavuni siku nzima, sarafu ya mfano husogea, hulala upande, wakati mwingine huchomoka kabisa na kuangukia chini ya kabati. Ikisogea kidogo tu, mashine inakuwa na tabia isiyoeleweka, hii inapokea, ile inakataa. Ikichomoka, inakataa zote. Nimeona kipokea sarafu kikitupwa kwenye ndoo ya takataka huku sarafu yake ya mfano ikiwa sakafuni mita moja kutoka hapo. Bana springi, irudishe sarafu, hakikisha imekaa katikati na haichezi. Ikiwa springi imelegea, usiweke karatasi ya fedha ya sigara kuishikilia, maana karatasi hiyo ni madini na koili zitaihesabu. Weka kipande cha plastiki laini.

Sarafu ya mfano iwe ya aina gani? Wengi huchagua mpya inayong'aa kwa kuona ndiyo bora. Mimi nachagua ya kati: si mpya kabisa, si ile iliyolika mpaka simba hawana uso. Mashine italinganisha na sarafu zinazozunguka mitaani, na za mitaani ni za umri wote. Sarafu ya mia mbili imo mikononi mwa Watanzania tangu zile za mwaka 1998, na ni nyingi zilizopita kwenye mifuko ya makondakta, vikapu vya wauza nyanya na sahani za sadaka kwa miaka zaidi ya ishirini.

Kisha fanya jaribio la sumaku. Chukua sumaku ya spika mbovu na uipitishe juu ya chenji ya kaunta. Jero itanata. Sarafu ya shilingi 500, ambayo Benki Kuu iliitoa mwaka 2014 kwa sababu noti yake ilikuwa inachakaa upesi kwa kupita mikono mingi, ni ya chuma iliyovikwa nikeli. Sasa pitisha sumaku kwenye mia mbili za miaka tofauti, na uzitenge. Ukiona zinazonata na zisizonata, umepata nusu ya jibu: kipokea sarafu kinacholinganisha kitazichukulia kuwa vitu viwili tofauti, hata kama dukani zote zinanunua kiberiti. Hapo chagua fungu ambalo ni jingi mtaani kwako, weka sarafu ya mfano kutoka humo, na ubandike tangazo dogo. Mteja akijua kwa nini yake imekataliwa hapigi mashine.

Vipo vipokea sarafu vya aina nyingine, visivyo na sarafu ya mfano. Hivi hufundishwa kwa vitufe: unakiambia utakipa sarafu za aina ngapi, kila aina ihesabiwe pointi ngapi, halafu unatumbukiza sarafu kadhaa mfululizo ili kijifunze. Kosa ninalolikuta hapa ni mtu kukifundisha kwa kurudia sarafu ileile mara zote. Kitajifunza sarafu hiyo na kuwakataa ndugu zake. Tumbukiza zilizochakaa na mpya, za miaka mbalimbali, uzichanganye. Kifaa hicho kinaweza kujifunza mia mbili inayonata na isiyonata kama aina mbili zenye pointi sawa. Kwa baa yenye wateja wengi, ningekichagua hiki kuliko cha kulinganisha.

Kuna jambo jingine linalohusu sumaku, na linawapata wanaonunua mitumba. Mashine za zamani za Ulaya na Marekani, zile za mpira wa mezani au za watoto kupanda, zina kipokea sarafu kisicho na umeme kabisa. Sarafu inapimwa kwa upana, kwa uzito, kwa jinsi inavyodunda, na njiani imewekwa sumaku ya kudumu ili kukamata vipande vya chuma ambavyo wajanja wa huko walivichonga badala ya fedha. Aliyeitengeneza alifikiri hivi: fedha halali hainati, kinachonata ni cha wizi. Ilete mashine hiyo Iringa, mteja atumbukize jero yake halali, nayo itanaswa katikati kama mali ya wizi. Fundi anasafisha, anapaka grisi, ananyoosha, hakuna kinachobadilika. Mashine haijaharibika. Imezaliwa katika nchi yenye sarafu nyingine. Ondoa sumaku hiyo ukijua unaondoa ulinzi wake mmoja, au badilisha kipokeaji chote, au tumia tokeni zinazouzwa kaunta. Tokeni za shaba nyeupe au plastiki ngumu zina faida ya pili: hakuna anayeziba tundu ili aibe tokeni.

Sasa usafi. Kila mji una uchafu wake, na wa kwetu nitautaja bila kuona aibu: ni ulanzi, pombe ya mianzi. Masika mianzi inapogemwa, mtogwa, yaani ulanzi mtamu, unanywewa kila kona, nao ni sukari tupu. Mtu anashika lita kwa mkono wa kulia, chenji kwa wa kushoto, dakika tano baadaye wamebadilishana. Sarafu inaingia kwenye mashine ikiwa na utando usioonekana, inaacha kidogo kwenye reli inayobingirikia, inayofuata inaacha kidogo, na baada ya muda njia imekuwa gundi. Soda inafanya hivyohivyo, ila ulanzi una msimu, kwa hiyo malalamiko nayo yana msimu. Kiangazi kikifika, upepo wa milimani unaleta vumbi, linatua juu ya ile gundi, linakauka. Sarafu iliyotakiwa kubingirika inakwaruza. Ikipita mbele ya koili polepole kuliko kawaida au ikiwa imeinama, inahesabiwa kuwa ngeni.

Zima mashine ukutani, chomoa plagi, usiishie kwenye swichi. Fungua bamba la kipokeaji, mara nyingi lina bawaba upande mmoja na linafunguka kwa kidole. Pamba iliyozungushwa kwenye njiti na kulowekwa spiriti ipite kwenye reli, kwenye kuta mbili, na kwenye vile vioo vidogo viwili vinavyotazamana chini, ambavyo ni jicho la kuhesabu. Brashi ya meno iliyokauka inatosha kwa vumbi. Usikwangue kwa kisu wala msumari, mkwaruzo mmoja kwenye plastiki utakuwa mfereji wa uchafu wa mwaka ujao. Acha spiriti ikauke kabisa kabla ya kurudisha umeme, maana inashika moto.

Na tafadhali, mafuta hapana. Si ya cherehani, si ya kula, si yale ya kopo la kupuliza bawaba za mlango. Siku ya kwanza sarafu itateleza vizuri, fundi atasifiwa. Baada ya hapo mafuta yanaalika vumbi lote la Kihesa. Sehemu za chuma kwa chuma zisizo na umeme, kama ulimi wa meza ya puli ambao tutaufikia, zinatosheka na unga wa risasi ya penseli. Unga huo nao usiusogeze karibu na kipokeaji cha umeme, kwa sababu unapitisha umeme.

Sarafu zenyewe zioshwe. Anayefungua sanduku azitie kwenye beseni la maji ya vuguvugu na sabuni, azikaushe kwa kitambaa, ndipo zirudi kaunta. Zilezile utakazotoa leo ndizo zitakazoingia kesho, kwa hiyo unajisafishia mashine. Msasa na limau viache. Vinakula uso wa sarafu na kuibadilisha, kisha unalalamika inakataliwa. Iliyopinda au kutobolewa itoe kwenye mzunguko wa mashine moja kwa moja.

Kama njia ni safi na bado sarafu inakwama, tazama kama mashine imesimama wima. Nyumba nyingi za Kihesa zimejengwa kwenye mteremko, na sakafu ya chumba cha nyuma ilikoelekea ndiko ilikobaki. Sarafu inabingirika kwa uzito wake tu, haina msaada mwingine. Tangu Heron wa Aleksandria, mtu wa karne ya 1, alipoeleza chombo cha hekaluni kilichotoa maji mtu akitumbukiza sarafu, kanuni ni hiyo: sarafu inaanguka, uzito wake unasukuma kitu. Mashine ikiegemea nyuma, sarafu inasugua ukuta. Ikilala upande, inapita mbio au inajikokota. Weka pimamaji juu ya kabati, kisha ingiza kipande cha mbao chini ya mguu mfupi. Hiyo nayo ni kazi ya fundi na ina malipo yake.

Tukifika kwenye umeme, dalili moja inanifanya nitoe mita kabla ya bisibisi. Mwenye baa akisema, "Kamwene, fundi. Mashine asubuhi inakubali vizuri, ikifika saa moja usiku inakataa zote," sarafu haihusiki. Saa moja usiku kila nyumba imewasha taa, pasi, jiko na televisheni. Umeme wa ukutani ambao ungekuwa volti 230 unashuka. Kifaa cha ndani kinachotakiwa kutoa volti 12, hasa kikiwa cha bei ya chini au kimezeeka, nacho kinashuka. Koili zinaweza kuitambua sarafu vizuri, lakini ile sumaku ya umeme inakosa nguvu ya kuvuta kilango. Matokeo kwa mteja ni yaleyale: sarafu imerudi.

Namna ya kupima ndiyo inayowapotosha wengi. Wanaweka nyaya za mita kwenye waya mwekundu na mweusi, wanasoma 12, wanasema umeme upo. Wamepima mashine ikiwa imelala. Pima huku mwenzako akitumbukiza sarafu. Ikiwa namba inaporomoka kila kilango kinapojaribu kuvuta, ikafika kumi au chini ya hapo, tatizo ni kifaa cha umeme, au waya mwembamba uliounganishwa kwa kusokotwa, au plagi iliyolegea kwenye soketi yake. Nyaya za kusokota zifunguliwe na ziungwe kwa lehemu. Stabilaiza inasaidia kama ukuta wenyewe ndio unaoshuka, lakini usiinunue kabla hujapima. Na ukigusa kabati ukahisi umeme unakunyemelea, acha kila kitu, zima, tafuta fundi umeme aangalie waya wa ardhini. Kabati la chuma, sakafu iliyomwagikiwa pombe, mteja aliyevua viatu: hapo hatuzungumzii tena mashine. Kifaa cha kubadilisha umeme chenyewe kisifunguliwe na asiyekisomea, kinabaki na umeme ndani hata baada ya kuchomolewa.

Kuna malalamiko mengine ambayo ni kinyume: sarafu imeingia, imesikika ikilia sandukuni, lakini kwenye kioo hakuna pointi. Hapa kipokeaji kimeshafanya kazi yake ya kuchagua, sasa taarifa haifiki kwenye sakiti kuu. Mashine nyingi zina kitufe cha majaribio ndani ya mlango. Kibonyeze. Pointi ikipanda, sakiti kuu ni nzima na unatafuta kati ya jicho la kuhesabu na soketi ya waya. Safisha jicho, chomoa soketi na kuirudisha kwa nguvu ya kiasi, ukague waya wa ishara, ambao kwa kawaida ni mweupe, kama haujakatika ndani ya ganda lake pale mlango unapokunjia. Mlango unafunguliwa na kufungwa kila siku na waya unakunjwa palepale, ndiko unakofia.

Kipokeaji kipya kikifungwa na pointi zisihesabike tangu siku ya kwanza, tazama swichi mbili ndogo mgongoni mwake. Moja inaamua ishara iwe fupi au ndefu, nyingine ina herufi NO na NC na inaamua sakiti ikae wazi au imefungwa wakati hakuna sarafu. Ziweke kama zilivyokuwa kwenye kile cha zamani. Ndiyo maana nasema usitupe cha zamani kabla hujakipiga picha kwa simu, mbele na nyuma, pamoja na nyaya zake. Swichi zikikaa vibaya sarafu moja inaweza kuhesabiwa mbili au tatu, na hapo wateja hawalalamiki, wanaitana.

Pembeni ya swichi hizo kuna skrubu ndogo ya kurekebisha ukali. Ikikazwa upande mmoja mashine inakuwa na wivu hata kwa sarafu halali, ikilegezwa sana inapokea chochote cha mviringo. Nawasihi mafundi wasianze hapo. Alama yake ya kiwandani itiwe kalamu kabla ya kuigusa, igeuzwe kidogo sana, na kila ukigeuza jaribu sarafu kumi zilezile ulizokwisha kuthibitisha ni nzuri, kisha jaribu na zile usizotaka ziingie, mia moja, hamsini, na washa za bolti za ukubwa unaokaribiana. Wanaorekebisha skrubu mpaka sarafu chafu zipite wameondoa malalamiko ya leo na kumwachia mwenye mashine sanduku la washa mwisho wa mwezi.

Penye mashine mbili zinazofanana, huhitaji hata mita kuanza. Badilishana vipokeaji. Ugonjwa ukihama na kipokeaji, ni chake. Ukibaki kwenye mashine ileile, ni umeme au nyaya.

Meza ya puli ni mnyama mwingine, na kwa kweli naipenda zaidi, kwa kuwa hakuna anayeuza shamba kwa ajili yake. Hapa hakuna umeme. Unapanga sarafu kwenye matundu ya ulimi wa chuma, unausukuma mpaka mwisho, ndani kuna vidole vinavyodondoka penye tundu lisilo na sarafu na kuuzuia ulimi. Matundu yote yakijaa, ulimi unapita, unasukuma mkono unaofungua kizuizi, mipira inashuka. Ulimi ukigoma katikati, usitumie goti. Watu wanausukuma kwa goti, mkono wa ndani unapinda, na kuanzia hapo hata sarafu kamili haitoshi kufungua. Uvute nje taratibu, toa sarafu zote, angalia kama mojawapo ni pana au imepinda, kisha umulike kwa tochi kuona kidole kilichokwama na uchafu. Springi ya kurudisha ulimi ikichoka, ulimi unabaki nusu ndani, mchezaji mwingine anausukuma na mipira inashuka bure. Hiyo ni springi tu, inauzwa au inakatwa kutoka nyingine yenye nguvu sawa.

Ulimi unaoingia mpaka mwisho lakini mipira haishuki, tatizo liko nyuma yake: mkono umepinda, au skrubu inayouunganisha na kizuizi imelegea, au meza imeinama hata mipira imejikusanya upande wa juu wa mfereji. Meza ya puli inavutwa huku na huku kila sherehe inapohitaji nafasi, na hakuna anayeirudishia usawa. Kila ikihamishwa, pimamaji irudi, urefu na upana.

Kuhusu hopa, ile sehemu ya dubwi inayomlipa mshindi, sitasema mengi. Inakwama kwa sarafu iliyopinda au kwa jicho lake kuziba vumbi, na dawa yake ni ileile ya kusafisha. Lakini isifunguliwe mbele ya mteja anayesubiri malipo. Andika kiasi alichoshinda, mwonyeshe, mpe kutoka kaunta ikiwa makubaliano yako na mwenye mashine yanaruhusu, halafu fungua akishatulia.

Ikiwa umepita kote huko na kifaa kimethibitika kimekufa, koili imekatika au sakiti imeungua, nunua kwa vipimo. Pima uso wa mbele kwa rula, urefu na upana, kwa sababu vipo vinavyofanana kwenye picha na visivyoingia kwenye tundu la mlango. Hesabu pini za soketi. Soma volti kwenye kibandiko. Nenda dukani na kile cha zamani mkononi, pamoja na mia mbili chache ulizozitenga kwa sumaku, na muuzaji akiwa na umeme wa volti 12 mwambie akijaribu hapohapo. Kilichokufa usikiache kwake. Springi ya sarafu ya mfano, kilango, bawaba na kile kioo cha jicho ni vipuri ambavyo havipatikani kirahisi kimojakimoja, na utavihitaji mashine ya pili itakapoanza.